2147483647: kwa nini namba hii imejaa kwenye orodha ya wateja wetu, na kwa nini haigawanyiki?

#1 Mhasibu wa Vitenge

Wanajukwaa, habari za jioni.

Mimi ni mhasibu katika duka la jumla la vitenge hapa Kariakoo. Tulitengenezewa programu ya kutunza orodha ya wateja ili tuachane na daftari. Juzi nilipotaka kuwatumia wateja ujumbe kuhusu mzigo mpya, nilikuta wateja wengi, wa Mbagala, wa Morogoro na hata wa Lubumbashi, wote wana namba moja ya simu: 2147483647.

Kijana aliyetutengenezea programu alinijibu kwamba hiyo ndiyo namba kubwa kuliko zote ambazo kompyuta inaweza kuzipokea, na kwamba wataalamu waliichagua kwa kuwa ni namba tasa. Nimejaribu kuigawanya kwa 3, 7, 11 na 13 kwa kikokotoo, na kila mara imeniletea desimali. Naomba kuuliza mambo mawili: je, kweli ni namba tasa? Na kama ni tasa, hiyo ndiyo sababu ya kuchaguliwa?

#2 Fundi wa Ilala

Dada, hakuna aliyeichagua. Safu ya namba katika programu za aina hiyo kwa kawaida hupewa biti 32, na kila biti ni 0 au 1. Biti moja hutumika kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, hivyo zinabaki 31. Ukizijaza zote 31 kwa 1 unapata 2^31 − 1, yaani mbili izidishwe kwa yenyewe hadi ziwe mbili 31, kisha utoe moja. Jibu ni hiyo 2147483647. Wala si namba kubwa kuliko zote ambazo kompyuta inaweza kuzipokea. Ni kikomo cha aina hiyo ya safu tu.

Kabla sijaendelea, naomba uangalie jambo moja. Wateja ambao namba zao ziliandikwa kwa kuanza na 07, nao wameharibika?

#3 Mhasibu wa Vitenge

Hao wako salama, isipokuwa sifuri ya mbele imetoweka kwa wote. Walioharibika ni wale walioandikwa kwa kuanza na 255, pamoja na wa Kongo wenye 243.

#4 Fundi wa Ilala

Ndivyo nilivyodhani. Namba inayoanza na 07 ikipoteza sifuri inabaki na tarakimu tisa, na kwa kuwa iko chini ya bilioni moja inaingia bila shida. Namba yenye 255 mbele ina tarakimu 12, ni zaidi ya bilioni 255, nayo imepita kikomo mbali sana. Hifadhidata iliyopangwa kwa ukali ingekataa na kutoa taarifa ya kosa; ya kwenu imepangwa kwa ulegevu, kwa hiyo iliandika namba kubwa inayoiweza na kukaa kimya. Safu ya simu ilipaswa kuwa ya maandishi tangu mwanzo, kwa sababu hakuna anayejumlisha namba za simu. Zilizopotea hazirudi kutoka kwenye kompyuta hiyo. Lifungueni tena daftari.

#5 Mjukuu wa Keko

Kumbe daftari limeishinda kompyuta! Mimi nimejumlisha tarakimu za namba hiyo: 2+1+4+7+4+8+3+6+4+7 ni 46, 4 na 6 ni 10, 1 na 0 ni 1. Kila kitu kinarudi kwenye moja. Nawaachia wanajimu wa humu jukwaani waendelee.

#6 Mwalimu Mstaafu

Ndugu yetu wa Keko, hiyo moja haihitaji mnajimu. Kujumlisha tarakimu hadi ibaki tarakimu moja tu ni njia ya kupata baki baada ya kugawanya kwa 9, na namba nyingine chungu nzima, 10 na 19 zikiwamo, zinakupa moja hiyohiyo. Kinachopatikana hapo ni kwamba namba yetu haigawanyiki kwa 3 wala kwa 9.

Sasa swali la mhasibu. Ndiyo, ni namba tasa, na jambo hili lilijulikana kabla ya kompyuta yoyote. Mwanahisabati Leonhard Euler, aliyekuwa Saint Petersburg na ambaye kwa wakati huo macho yake yalikuwa karibu hayaoni kabisa, alilieleza katika barua kwa Bernoulli iliyochapishwa mwaka 1772.

Njia ya kawaida ya shuleni ni kugawanya kwa kila namba tasa hadi kwenye kipeuo cha pili, ambacho hapa ni 46340 na kitu. Hizo ni namba tasa elfu kadhaa, kazi ya kumchosha yeyote. Euler alijua kwamba kigawo tasa cha 2^31 − 1, kama kipo, lazima kiwe cha mojawapo ya sura mbili: 248n + 1 au 248n + 63. Hadi 46340 kuna namba 373 tu za sura hizo, ukiacha 1 yenyewe, na nyingi kati yake si tasa, kwa hiyo zinafutwa kabla ya kugawanya. Zinazobaki hazifiki mia.

Tazameni zinavyoanza. 63 si tasa. 249 ni 3 × 83. 311 ni tasa, basi tunagawanya: jibu 6905092, baki 35. Kisha 497, 559, 745, 807, 993, 1055 na 1241 zote si tasa, tunaziruka. 1303 ni tasa: jibu 1648107, baki 226. 1489 ni tasa: jibu 1442232, baki 199. Unaendelea hivyo hadi mwisho, na baki haiwi sifuri hata mara moja. Mhasibu alipoigawanya kwa 3, 7, 11 na 13 alikuwa anabisha hodi kwenye milango ambayo haikuwahi kuwa na mtu ndani.

#7 Binti wa Mlimani

Shikamoo mwalimu. Hiyo 248 imetoka wapi? Nimeona ni 8 × 31, ila sijaona kwa nini kigawo kilazimike kufuata sura hiyo.

#8 Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Chukua namba tasa q inayogawanya 2^31 − 1. Maana yake ni kwamba 2^31 ikigawanywa kwa q inabaki 1. Ukiandika mabaki ya 2, 4, 8, 16 na kuendelea, yanajirudia kwa mzunguko, na urefu wa mzunguko huo lazima ugawanye 31. Lakini 31 ni tasa, na mzunguko hauwezi kuwa wa hatua moja, hivyo ni wa hatua 31 kamili. Fermat naye alikwisha kuonyesha kwamba 2^(q − 1) inabaki 1, kwa hiyo 31 lazima igawanye q − 1. Kwa kuwa q ni witiri, q − 1 ni shufwa, basi inagawanyika kwa 62. Hiyo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni kwamba 2 inapaswa kuwa baki ya namba fulani ya mraba kwa q, na hilo hutokea pale tu q inapoacha baki 1 au 7 baada ya kugawanywa kwa 8. Unganisha masharti yote mawili, utapata 248n + 1 na 248n + 63.

#9 Msafiri wa Kigamboni

Shukrani, mwalimu. Naongeza historia kidogo. Namba za umbo la 2^p − 1 zina jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, ambaye mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo ambavyo aliamini vinazaa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Kwa 31 alipatia. Namba ya Euler iliendelea kuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi 1867, Landry alipopata 3203431780337.

#10 Karani wa Kumbukumbu

Msafiri, tarehe hiyo ina ubishi. Thomas Clausen alikwisha kuivunja 2^64 + 1 mwaka 1855, akapata vigawo 274177 na 67280421310721, na hicho cha pili ni kikubwa kuliko cha Landry. Habari hiyo ilikuwa kwenye barua kwa Gauss na haikusambaa, ndiyo maana vitabu vingi vinaruka hadi 1867. Anayehesabu kwa uchapishaji atasema 1867. Anayehesabu kwa ujuzi atasema 1855. Vyovyote iwavyo, ilikaa kileleni zaidi ya miaka themanini.

Orodha ya Mersenne nayo inahitaji kusemwa yote: 67 na 257 si sahihi, na alizikosa 61, 89 na 107. Hiyo 2^67 − 1 ndiyo ambayo Frank Cole aliivunja mbele ya wanahisabati wenzake Marekani mwaka 1903: 193707721 × 761838257287.

Kuna pia Mwingereza Peter Barlow. Mwaka 1811 aliandika kuhusu 2305843008139952128, yaani 2^30 × (2^31 − 1), ambayo ni namba timilifu kwa sababu vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinaizaa tena. Alisema hakutapatikana nyingine kubwa zaidi, kwa kuwa namba hizi ni za kustaajabia tu, hazina faida, na hakuna atakayejisumbua kuitafuta inayofuata.

#11 Fundi wa Ilala

Barlow angepita kwenye karakana zetu angebadili maandishi. Kwa miaka mingi programu zilitengeneza namba nasibu kwa njia ya D. H. Lehmer: chukua namba, zidisha kwa 16807, gawanya kwa 2147483647, uhifadhi baki, urudie. Park na Miller waliipendekeza mwaka 1988 iwe kiwango cha chini kwa wote. Ukianza na 1 unapata 16807, kisha 282475249, kisha 1622650073, na mtu asiyejua njia haoni mpangilio wowote. Hapo utasa ndio unaofanya kazi. Kwa kuwa kigawanyo ni tasa, na 16807 ambayo ni 7^5 imechaguliwa vizuri, mfululizo hupita katika namba zote kuanzia 1 hadi 2147483646, kila moja mara moja, ndipo urudi mwanzo.

Kwa hiyo kijana wa mhasibu hakukosea kila kitu. Kikomo hakikuchaguliwa kwa utasa, lakini waliotunga njia hii waliichagua namba hii kwa sababu ya utasa wake na kwa sababu iliingia barabara kwenye biti 32.

Lehmer huyohuyo ndiye aliyeikamilisha mwaka 1930 njia ya Lucas ya kupima utasa wa namba hizi bila kutafuta kigawo hata kimoja. Anza na 4. Ipige mraba, toa 2, hifadhi baki. Fanya hivyo mara p − 2. Mwisho ukipata sifuri ni tasa. Kwa 2^5 − 1, yaani 31, ni 4, 14, halafu 194 inayobaki 8, halafu 62 inayobaki 0. Imekwisha. Kwa 2^31 − 1 ni hatua 29, kazi ya kufumba na kufumbua kwa simu yoyote.

#12 Binti wa Mlimani

Kaka fundi, kuna jambo nimeliona kwenye vikomo hivi na naomba mnisaidie. Kwa biti 8, 16, 32, 64 na 128, vikomo ni 2^7 − 1, 2^15 − 1, 2^31 − 1, 2^63 − 1 na 2^127 − 1. Cha kwanza ni 127, tasa. Cha pili ni 32767, sawa na 7 × 31 × 151. Cha tatu ni tasa. Cha nne si tasa. Cha tano ni tasa, Lucas alikithibitisha mwaka 1876. Tasa, si tasa, tasa, si tasa, tasa. Hii inaweza kweli kuwa bahati? Naamini kuna kanuni.

#13 Karani wa Kumbukumbu

Kanuni yako itaishi hadi biti 256, ambako kipeo ni 255 na kwa hakika si tasa. Ukifika biti 512 ilitakiwa tupate tasa, lakini kipeo ni 511, sawa na 7 × 73, na kipeo kisipokuwa tasa 2^511 − 1 nayo haiwi tasa. Biti 1024 zinaleta 1023, biti 2048 zinaleta 2047 ambayo ni 23 × 89. Mfululizo unakatika hapo na haurudi kwenye kupishana.

#14 Msafiri wa Kigamboni

Binti ameona kivuli cha kitu cha kweli. Kupishana kunatokea kwa sababu vipeo vyenyewe ni 2^3 − 1, 2^4 − 1, 2^5 − 1, 2^6 − 1 na 2^7 − 1, na 3, 5 na 7 ni tasa. Namba yetu ni Mersenne juu ya Mersenne: 5 ni tasa, 2^5 − 1 yaani 31 ni tasa, na 2^31 − 1 ni tasa. Vivyo hivyo 2 inazaa 3, 3 inazaa 7, 7 inazaa 127, na 127 inazaa ile ya Lucas. Kwa maoni yangu ukoo ndio maelezo: tasa wa umbo hili huzaa tasa.

#15 Mwalimu Mstaafu

Ukoo huo una mtoto aliyepotea, Msafiri. 13 ni tasa, 2^13 − 1 yaani 8191 ni tasa, lakini 2^8191 − 1 si tasa, kwani inagawanyika kwa 338193759479. Kigawo hicho kimetii sheria ya bandiko #8: kitoe moja, ugawanye kwa 16382, utapata 20644229 kamili. Za Mersenne juu ya Mersenne zinazojulikana kuwa tasa ni nne tu: 7, 127, yetu, na 2^127 − 1.

Mimi nina maelezo mengine. Namba ya kawaida ya ukubwa huu ina nafasi ya takriban moja katika 21 ya kuwa tasa. Lakini namba yetu imekingwa dhidi ya vigawo vyote vidogo. Adui wa kwanza anayeruhusiwa kuigusa ni 311. Kwa hiyo nafasi yake ni kubwa zaidi sana tangu mwanzo, na hatuna sababu ya kushangaa sana ilipoponyoka.

#16 Karani wa Kumbukumbu

Kwa heshima, mwalimu, kinga hiyo hiyo walikuwa nayo wenzake na haikuwasaidia. Kwa 2^11 − 1 adui wa kwanza anayeruhusiwa ni 23, na ndiye aliyeigawanya. Kwa 2^23 − 1 wa kwanza ni 47: 47 × 178481. Kwa 2^29 − 1 wa kwanza ni 233, na ikavunjika kuwa 233 × 1103 × 2089. Kwa 2^37 − 1 wa kwanza ni 223, na kwa 2^43 − 1 wa kwanza ni 431, na zote mbili zilianguka papo hapo. Naona sheria nyingine hapa: isiyokuwa tasa huangukia kwenye mlango wa kwanza, na 31 ilipoupita wa 311 ikawa imeokoka.

#17 Binti wa Mlimani

Na 41, mkuu? 2^41 − 1 si tasa. Mlango wake wa kwanza ni 1231 na haukuigawanya. Ilikuja kuanguka kwenye 13367 baada ya kupita milango mingi. Sheria yako imevunjika mapema kuliko yangu.

#18 Mjukuu wa Keko

Hapo binti amelipa kisasi cha bandiko #13! Mimi nimebaki na swali moja kwa fundi. Nimesikia saa za kompyuta nazo zitafika kwenye namba hii na kugoma.

#19 Fundi wa Ilala

Ni kweli kwa mitambo ya zamani inayohesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa biti 32. Sekunde ya 2147483647 itafika Jumanne tarehe 19 Januari 2038, na kwa saa za hapa Dar es Salaam itakuwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata, mtambo usiorekebishwa utaruka kwenye hasi 2147483648 na kudhani kwamba ni tarehe 13 Desemba 1901. Dawa ni kuhamia biti 64, kama YouTube walivyofanya mwaka 2014 wimbo mmoja wa Korea Kusini ulipopita idadi hiyo ya watazamaji.

Kuhusu ubishi wa ukoo na milango, mimi bado naona ni bahati. Kuna kipeo kimoja kilichotangazwa Oktoba 2024, 136279841, kinachozaa namba tasa yenye tarakimu 41024320. Hakina ukoo wowote wa Mersenne, na hakuna aliyetabiri kwamba ni hicho na si jirani yake. Kilipatikana kwa kupima tu.

#20 Msafiri wa Kigamboni

Bahati haielezi kwa nini waliofanikiwa mwanzoni wote walikuwa wa ukoo. Nipe 2^p − 1 yenye p kama 2^127 − 1, uniambie kama ni tasa au si tasa, ndipo nitakubali.

#21 Fundi wa Ilala

Hiyo hakuna awezaye kukupa. Tarakimu zake ni nyingi kuliko zinavyoweza kuandikwa mahali popote, kwa hiyo hata njia ya Lehmer haina pa kuanzia. Mmejichagulia ubishi salama.

#22 Mhasibu wa Vitenge

Asanteni nyote. Kijana amekuja leo. Safu ya simu ameigeuza kuwa ya maandishi na tunanakili upya kutoka kwenye daftari. Safu ya kiasi cha fedha ameihamishia biti 64, nami nikamwambia kwamba kikomo hicho kipya, 9223372036854775807, si tasa. Hakuniamini. Kikokotoo cha mezani hakikuweza kuzipokea tarakimu 19, hivyo nimegawanya kwa kalamu, kwa 7, kwa kuwa 63 inagawanyika kwa 3 na 2^3 − 1 ni 7: jibu ni 1317624576693539401, baki sifuri. Nikarudia kwa 7: 188232082384791343, tena baki sifuri. Ya tatu imebaki 3. Karani wa Kumbukumbu, mlango unaofuata ni upi?

#23 Karani wa Kumbukumbu

73, kisha 127, 337, 92737 na 649657. Na mlango wa 73 haumo kwenye 2^7 − 1 wala 2^21 − 1. Umeletwa na 2^9 − 1, kwa kuwa 9 nayo inagawanya 63. Msafiri atasema huo ni ukoo.